Ritani ya sifuri nayo ni ritani

Mwaka 2021 nilikwenda ofisi ya kodi, TRA, hapa Morogoro na bahasha ya kaki kwapani, nimevaa gauni langu la kanisani, nikiamini nakwenda kuanza biashara. Nilikuwa nimepata chumba cha kuokea mikate, nimenunua jiko la mtumba, nimeshawaambia majirani. Dada wa kaunta akaingiza namba yangu ya NIDA, akaangalia skrini, kisha akaniangalia mimi.

"Mama, wewe ni mkurugenzi wa kampuni?"

Kampuni! Nilikuwa nimeisahau kabisa. Mwaka 2018 tulikuwa watatu, tumesoma wote, na mmoja wetu alisikia kuna zabuni ya kupeleka vifaa vya ofisini. Tukasajili kampuni haraka haraka. Siku ya kupata cheti tulikula chipsi kuku, tukapiga picha nacho, zabuni haikuja, na kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Kampuni ile haikuuza hata penseli. Lakini TIN yake, ile namba ya mlipakodi, ilikuwa hai, na mwenye TIN hai hupeleka ritani, yaani taarifa ya mapato kwa ajili ya kodi, hata kama mauzo ni sifuri. Adhabu ya kampuni kuchelewesha ritani wakati ule ilikuwa shilingi 225,000 kwa kila mwezi. Piga mara kumi na mbili: 2,700,000. Na sisi tulikuwa tumekaa kimya zaidi ya mwaka.

Yule dada sikumlaumu. Alinieleza taratibu, akaniambia nani nimwone, akanipa na kiti. Kosa lilikuwa letu sisi watatu, tuliodhani biashara isiyofanyika haipo. Kwa TRA ipo. Serikali haikujui kwa sura, inakujua kwa faili, na faili halina habari kwamba zabuni ilikwama au kwamba mwenzenu mmoja alihamia Dodoma. Karatasi isipofika, mfumo unahesabu adhabu.

Naandika haya kwa wewe unayefungua biashara mwaka huu. Mimi si mwanasheria wala mhasibu. Ni mwoka mikate aliyelipa ada ya somo.

Nianze na pale tulipokosea, yaani kukimbilia kampuni. Vijana wengi wanapenda neno "mkurugenzi" kwenye kadi. Kama uko peke yako na unaanza na mtaji wa kuunga unga, sajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, chukua TIN yako binafsi, anza kazi. Jina lina ada yake ya kila mwaka ya shilingi 5,000, ambayo watu huisahau kwa sababu ni ndogo. Kampuni ni mnyama mwingine. Kila mwaka inadaiwa taarifa ya mwaka BRELA, ada yake 22,000, na ukichelewa unaongezewa 2,500 kila mwezi. Hesabu zake lazima zipite kwa mhasibu mwenye cheti cha CPA, na huyo hafanyi kazi kwa asante. Faida yake inatozwa asilimia 30. Halafu kuna kutaja wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaonufaika nyuma ya hisa, jambo lililoingia kwenye sheria mwaka 2020. Yote hayo yana maana yake ukiwa na wabia, mkopo mkubwa au zabuni ya kweli iliyo mkononi. Zabuni ya kusikia haitoshi.

La pili ni vishoka. Usajili siku hizi uko mtandaoni, na nje ya kila ofisi kuna steshenari yenye kijana mchangamfu atakayekujazia kila kitu kwa elfu ishirini, thelathini. Sina ugomvi naye, kajiajiri. Shida ni kwamba wewe huna barua pepe, au unayo na hukumbuki paswedi, basi yeye anaweka yake. Namba ya simu anaweka yake. Miaka miwili baadaye ujumbe wa kukukumbusha ritani unaingia kwenye simu ya kijana aliyeshahamia Kahama. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Kampuni yetu ilikuwa ikiandikiwa na kukumbushwa kama kawaida, isipokuwa ujumbe ulikuwa unakwenda kwa mtu ambaye hakuna kati yetu anayekumbuka hata jina lake. Kwa hiyo kabla hujakanyaga steshenari, fungua barua pepe ya biashara, andika paswedi kwenye daftari la nyumbani, na hakikisha namba ya simu iliyoko BRELA, TRA na halmashauri ni ile ambayo hutaibadilisha ukigombana na mtandao. Ukiibadilisha, nenda ukaibadilishe na kule.

Nije kwenye chumba cha biashara, maana hapa ndipo wageni wengi wanapotokwa machozi kabla ya kuuza hata bidhaa moja. Umekubaliana na mwenye nyumba laki mbili kwa mwezi, umelipa mwaka mzima, 2,400,000. Unapeleka mkataba ili ukamilishe mambo yako ya kodi, unaambiwa kuna ushuru wa stempu wa mkataba, asilimia moja, hiyo ni 24,000. Sawa. Halafu kuna kodi ya zuio ya pango, asilimia 10, hiyo ni 240,000. Unashtuka: kwani nyumba ni yangu? Hapana. Kodi ile ni ya mwenye nyumba, lakini sheria inakutaka wewe mpangaji uizuie kwenye kile unachomlipa na kuipeleka. Ulitakiwa umpe 2,160,000, na 240,000 iende serikalini kwa jina lake. Sasa wewe umeshampa zote, ukimrudia anakwambia, "Binti yangu, mimi nataka hela yangu kamili, hayo ya serikali ni yako." Na kwa sababu unakihitaji chumba, unalipa kutoka mfukoni.

Mwenye nyumba wangu ni mzee wa heshima, namwamkia kila asubuhi. Hilo hakulikubali kirahisi. Tulikaa kwenye mkeka kwake jioni moja, nikamwonyesha karatasi ya malipo imeandikwa jina lake na TIN yake, nikamwambia, "Babu, hii nimekulipia wewe, ukiulizwa kodi ya mapato ya nyumba utaonyesha hii." Akaigeuza, akaisoma mbele na nyuma, akaikunja akaiweka ndani ya Kurani yake. Mwaka uliofuata tuligawana nusu kwa nusu, na mwaka wa tatu akaikubali yote. Kwako wewe: liseme hili kabla ya kusaini. Baada ya kusaini utakuwa unaomba huruma.

Sasa daftari. Ningekuwa na nafasi ya kusema jambo moja tu, ningesema daftari, tena kwa hesabu kabisa. Mfanyabiashara mdogo asiye kampuni analipa kodi kwa kuangalia mauzo yake ya mwaka. Kwa viwango vya mwaka ule nilioanza, mauzo yasiyozidi milioni 4 hayakutozwa kitu. Kati ya milioni 4 na 7, asiyetunza kumbukumbu alilipa 100,000 bila mjadala, na anayetunza alilipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Jirani yangu wa mitumba aliuza milioni 6, hana daftari, akalipa laki moja. Angekuwa nalo angelipa 60,000. Mimi niliuza kama milioni 9. Kundi la milioni 7 hadi 11 bila kumbukumbu lilikuwa 250,000, na wenye kumbukumbu 90,000 jumlisha asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Nikalipa 150,000. Laki moja yangu ilibaki kwa sababu ya daftari la kaunta la shilingi elfu tatu na kalamu iliyofungwa uzi.

Siku ya makadirio ndiyo siku daftari linapoongea. Niliingia kwa afisa, kijana mpole, mbele yake faili langu jembamba. Akaniuliza niko wapi, nikamwambia karibu na stendi ya daladala. Akatikisa kichwa kwa namna ya mtu anayeijua stendi. Akaandika pembeni makisio ya mauzo makubwa kuliko yangu, karibu mara mbili. Nikatoa daftari. Alisoma ukurasa wa kwanza, akaruka hadi katikati, akarudi nyuma. Akaweka kidole kwenye wiki moja ya Aprili ambayo ilikuwa na mauzo kidogo sana. "Hapa ilikuwaje?" Nikamwambia mvua, barabara ya kwetu ilikatika, na chini yake nilikuwa nimeandika hivyohivyo: mvua, mikate 40 imerudi. Nadhani lile neno "imerudi" ndilo lililoniokoa, maana mtu anayedanganya haandiki hasara ya mikate arobaini siku ya Jumanne. Akafuta namba yake, akaandika ya kwangu.

Kwa hiyo usiandike mauzo tu. Andika kilichoharibika, kilichokopwa na nani, kilichorudishwa, gesi iliisha lini. Andika siku hiyohiyo, kwa kalamu ya wino, usipende kurudia kuandika upya ili lipendeze. Daftari safi mno linatia shaka. Na usilitupe mwaka ukiisha: sheria ya usimamizi wa kodi inataka kumbukumbu zikae miaka mitano. Yangu yako kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko, panya hawayafikii.

Malipo yenyewe huja kwa awamu nne kwa wale ambao mwaka wao unaanza Januari: mwisho wa Machi, mwisho wa Juni, mwisho wa Septemba, mwisho wa Desemba. Ile ya Machi ndiyo inayowakuta watu wamelala, kwa sababu Januari imekula ada za shule na Februari imepita bila kuonekana. Mimi nina kibubu cha bati, kila siku naweka shilingi elfu mbili kabla sijahesabu faida. Kukosa hela ya kodi tarehe 31 kunatokea kwa watu wengi, tena waaminifu.

Mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi, utaihitaji mauzo yakikua. Kiwango cha kulazimika kuwa nayo kilikuwa milioni 14 kwa mwaka, na mwaka 2022 kikashushwa hadi milioni 11, ndipo nami ikanifikia. Mengi utafundishwa na wakala anayekuuzia. Ambayo hatakuambia ni mawili. Kwanza, ile ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku, itoe kila siku ukifunga, hata siku ulizouza kidogo, uichome kwenye msumari wake. Usisubiri ziwe tatu. Pili, karatasi ya roli inafutika. Risiti ya unga wa ngano niliyoihifadhi vizuri kwenye nailoni, nilipoihitaji miezi minane baadaye ilikuwa nyeupe kama mkate wa sandwichi, jina la duka halionekani. Risiti yoyote ya maana toa nakala siku hiyohiyo au ipige picha, na usiziweke karibu na jiko. Mimi niliweka karibu na jiko, jamani. Mwoka mikate, kumbukumbu zangu zote zilikuwa rafu ya juu ya oveni.

Leseni ya biashara inatoka halmashauri, na siku hizi unaiomba kwenye mfumo wa Tausi. Shughuli zile kubwa za kundi A zinaombewa BRELA, kwetu sisi wadogo ni kundi B. Wanataka TIN, cheti cha kutodaiwa kodi, mkataba wa pango, kitambulisho cha NIDA. Unaona jinsi mambo yanavyoshikana: deni la kampuni iliyokufa lilinizuia cheti cha kutodaiwa, kukosa cheti kukanizuia leseni, na bila leseni mikate yangu ilikuwa ya magendo. Nilikaa wiki saba jiko limefunikwa shuka.

Leseni inaisha mwaka mmoja tangu tarehe uliyopewa, na watu wanachanganya hiyo na mwaka wa kalenda. Iandike tarehe hiyo ukutani. Ibandike leseni yenyewe mahali panapoonekana, siyo kwenye droo. Anayekuja kukagua akiiona kabla hajauliza, nusu ya maswali hayaulizwi. Halmashauri ina ushuru wake mwingine pia. Ule wa huduma nilipoanza kuulipa ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo ghafi, na afisa biashara atakukumbusha mwenyewe, kwa hiyo siurefushi.

Wageni watakuja. Wa afya, wa zimamoto, wa vipimo, wa usalama mahali pa kazi, mtendaji wa mtaa. Wengi ni watumishi wanaofanya kazi yao, wapokee kama unavyopokea mtu mzima nyumbani: kiti, maji, majibu mafupi ya kweli. Ila hakuna pesa taslimu. Malipo ya serikali yanapita kwenye namba ya malipo, ile ya tarakimu 12 tunayoiita kontrolo namba, unalipa benki au kwa simu na unapata risiti.

Kuna siku alikuja bwana mmoja, shati jeupe, kitambulisho kinaning'inia shingoni kimegeukia nyuma, faili la bluu kwapani. Akatazama dari, akatazama mtungi wa gesi, akaguna. Akasema nina makosa matatu, faini laki tano, ila kwa kuwa mimi ni mama wa familia tunaweza kumaliza kwa laki na nusu. Nikamwambia, "Shikamoo kaka, naomba kuona kitambulisho, na unipe kontrolo namba nilipe sasa hivi, hela ninayo." Na kweli nilikuwa nayo, ilikuwa hela ya ngano. Akasema mfumo uko chini. Nikamwambia nitasubiri urudi juu, karibu chai. Chai alikunywa. Mkate alikula pia, wa bure. Akaondoka akisema atarudi mchana, na ile laki na nusu mpaka leo haijui. Nilikwenda kuuliza kwenye ofisi aliyoitaja, hawamjui. Tapeli hatumii nguvu. Anategemea kwamba wewe mwenyewe una karatasi moja ambayo unajua huna.

Kwetu wa chakula kuna tabaka la juu zaidi. Hadi katikati ya 2019 mambo ya chakula yalikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Kuanzia Julai mwaka huo TFDA ikawa TMDA, ikabaki na dawa na vifaa tiba, chakula kikahamia TBS, shirika la viwango. Nasema hivi kwa sababu bado kuna watu wazima wenye maduka wanaomwambia mgeni aende TFDA. Jengo la kuokea linasajiliwa, bidhaa ina alama yake ya ubora. Usiogope gharama kabla ya kuuliza: pitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwanza, wanatoa barua ya utambulisho kwa wajasiriamali wadogo, na barua ile inakufungulia unafuu TBS. Mafunzo ya SIDO nayo yalinifaa kuliko nilivyotegemea. Niliingia nikitaka barua, nikatoka nimejifunza kwa nini mikate yangu ilikuwa inaota ukungu siku ya tatu.

Mizani ipeleke kuhakikiwa Wakala wa Vipimo kila mwaka, inawekwa stempu. Wafanyakazi wanaogusa chakula wapimwe afya kila miezi sita. Mtungi wa kuzimia moto ukaguliwe, na wewe mwenyewe ujue kuutumia, siyo kuupamba ukutani.

Wafanyakazi. Sasa ninao watatu, kila mmoja 180,000 kwa mwezi, jumla 540,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20, yaani 108,000, nusu natoa mimi, nusu inakatwa kwao. Fidia kwa wafanyakazi, WCF, ni asilimia 0.5, na hiyo natoa mwenyewe. Hesabu yake ni 2,700 kwa mwezi. Bei ya soda chache. Mwanzoni niliiona kama usumbufu mwingine wa mtandaoni. Kisha kijana wangu wa oveni alishika trei bila kitambaa, kiganja kikababuka chote. Nilijaza taarifa ya ajali wiki hiyohiyo, matibabu yakashughulikiwa na mfuko. Ningekuwa sijamsajili, mimi ningekuwa mwajiri niliyemficha mtu, na yeye angekuwa na mkono uliofungwa na mama yake mlangoni kwangu. Tozo ya kuendeleza ujuzi, ile inayoitwa SDL, haikuhusu mpaka uwe na wafanyakazi kumi. Zamani ilikuwa wanne, ikabadilishwa mwaka 2021.

Hilo la kubadilika ulishike. Bajeti inasomwa Dodoma mwezi Juni, na tarehe 1 Julai namba nyingi zinakuwa nyingine. Kiwango cha kulazimika kujisajili VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kilikuwa mauzo ya milioni 100 kwa mwaka, mwaka 2023 kikawa milioni 200. Kuna mambo yalipunguzwa pia chini ya ule mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, MKUMBI, baada ya 2018. Kwa hiyo ukisoma namba zangu hapa, zichukue kama mfano wa namna ya kupiga hesabu, kisha kila Julai pita ofisini kwa TRA uulize ya mwaka huo. Kuuliza ni bure. Mimi huenda asubuhi sana, kabla foleni haijawa na hasira.

Je, wakikuandikia kodi usiyokubaliana nayo? Una siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi, tangu ulipopewa makadirio. Lazima ulipe kwanza sehemu usiyobishania, au theluthi ya kiasi kilichokadiriwa, ipi kubwa. Watu wengi wanatumia zile siku 30 kulalamika kibarazani. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, na tarehe 17 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akakaa nao Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Kariakoo ni Kariakoo. Mimi nikifunga duka langu la mikate hapa Morogoro, atakayejua ni wateja wa chai ya asubuhi, nao watavuka barabara. Mgomo wangu ni ile fomu ya pingamizi, yenye tarehe na mhuri wa kupokelewa.

Na kama deni ni la kweli ila huna hela, nenda kabla hawajakufuata. Ndivyo tulivyofanya kwa ile kampuni, tulipokwisha kutafutana sote watatu. Tuliandika barua, tukaeleza kwamba haikuwahi kufanya biashara, tukaambatanisha taarifa ya benki yenye salio lilelile la siku ya kufungua akaunti. Tukapeleka ritani zote zilizokosekana, zote sifuri. Tukaomba kulipa kwa awamu, tukaruhusiwa. Ilichukua muda. Mwenzetu wa Dodoma alikuwa akituma sehemu yake kila tarehe 28, na kila akituma ananiandikia, "Hizi ni za chipsi."

Kuifunga ilikuwa kazi ya peke yake. Ulipokwisha kulipa hujamaliza, maana TIN ikibaki hai saa inaanza kuhesabu upya. Unaiandikia TRA kwamba shughuli zimekoma na TIN ya biashara ifungwe. BRELA unaomba kampuni ifutwe kwenye daftari lao. Kama ulikuwa na leseni, halmashauri waambiwe. Kama ulikuwa na mashine, ina utaratibu wake wa kurudishwa, usimpe binamu. Kila barua nilipeleka nakala mbili, moja wakabaki nayo, moja wakaigonga mhuri wa kupokelewa nikarudi nayo. Mlinzi wa geti mmoja alinicheka, akaniita mama mihuri.

Mwezi uliopita mwenzetu wa Dodoma alinipigia usiku. Anaomba mkopo wa kununua bajaji mbili, na benki wameulizia kampuni ya mwaka 2018. Nilitoa faili kwenye ndoo, nikaipiga picha barua yenye mhuri, nikamtumia kwa WhatsApp. Akakaa kimya kidogo, kisha akaandika: na risiti ya malipo ya mwisho unayo? Nikamjibu ninayo, lakini nakala. Ile yenyewe imeshakuwa nyeupe.